Katiba imetungwa kwa Kiswahili, kwa nini insha zake zikataliwe kwa Kiswahili?

Barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya insha za katiba kwa wanafunzi wa sheria, na kwa wakuu wa vitivo na shule za sheria nchini Tanzania

YAH: LUGHA YA INSHA ZA KATIBA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninayewaandikia ni mhadhiri wa sheria ya katiba. Kwa miaka kumi na mmoja nimewasaidia wanafunzi kuandaa insha za kushindania, na mara tatu nimeketi upande wa pili wa meza, nikiwa mmoja wa waamuzi wanaozisoma. Sina ugomvi na mashindano haya. Nayapenda, kwa sababu ni nafasi moja kati ya chache ambamo mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu huachwa peke yake na swali la katiba kwa wiki kadhaa, bila mhadhiri wa kumnong'oneza ni kesi zipi zitatoka kwenye mtihani. Ninachowaomba ni kimoja tu: ondoeni sharti linalotaka insha ziandikwe kwa Kiingereza pekee, na mruhusu anayetaka kuandika kwa Kiswahili aandike, asomwe, na apewe alama sawa na mwenzake.

Kwa wasiolijua sharti lenyewe, matangazo ya mashindano haya hufanana kama mapacha. Hutaja swali, ukomo wa maneno 3,000, mtindo wa tanbihi na tarehe ya mwisho ya kupokea kazi (ambayo kwa bahati mbaya huangukia majira ya mitihani, lakini hilo ni la siku nyingine), kisha hufuata mstari mmoja mfupi unaosema kuwa insha iwe kwa Kiingereza. Mstari huo hautolewi sababu. Nadhani wengi wenu hamjawahi hata kuuona kuwa ni uamuzi. Umo tu, umenakiliwa kutoka tangazo la mwaka jana, nalo lilinakiliwa kutoka la mwaka juzi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi shindano mojawapo, ambalo sitalitaja, lilipouliza miaka michache iliyopita kama Zanzibar ni nchi kwa mujibu wa katiba mbili tulizo nazo. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, binti kutoka Pemba, alikuja ofisini na kurasa kumi na tisa alizoziandika kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa sababu hivyo ndivyo fikra zilivyomjia. Kila mahali lilipotokea neno "nchi" alikuwa amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilizihesabu alama hizo baadaye, zilikuwa thelathini na moja.

Hoja yake ilikuwa hivi. Ibara ya 1 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema: "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano." Ibara ya 2 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kama ilivyobadilishwa na Marekebisho ya 10 ya mwaka 2010, inasema kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Huku moja, kule mbili. Wengi wakifika hapo hutangaza kuwa katiba hizi zinapingana na kuhitimisha ama kwa kuilaumu ile ya 2010 ama kwa kuishangilia. Yeye hakufanya hivyo. Aliuliza kwanza waandishi wa matini hizi mbili walikuwa wanahesabu nini. Ile ya Muungano, alisema, inahesabu kilichopatikana baada ya kuungana. Ile ya Zanzibar inahesabu vilivyoingia katika kuungana. Kisha akalishika neno "zinazounda" na kulikalia ukurasa mzima. Lau ingeandikwa "zilizounda", alisema, tungekuwa tunasoma historia ya Aprili 1964 na mgongano ungeisha, kwa maana hakuna anayebisha kwamba nchi mbili ndizo zilizoungana. Lakini kuna -na- pale ambapo pangeweza kuwa na -li-, na silabi hiyo moja inasema kuwa nchi hizo mbili bado zipo na bado zinaunda. Mgogoro wote ambao mwaka 2008 ulizua kelele bungeni na mitaani, Waziri Mkuu wa wakati huo Mizengo Pinda aliposema kuwa Zanzibar si nchi, binti huyu aliuonyesha ukiwa umelala ndani ya silabi moja iliyowekwa miaka miwili baadaye.

Sijui wenzangu, lakini mimi nilisimama kwenye ukurasa ule nikaenda kufunga mlango ili nisisumbuliwe.

Ikabidi aitafsiri. Alitumia usiku nne bwenini, na kazi iliyorudi ilikuwa nyingine. Alipofika kwenye neno "nchi" alilazimika kuchagua, kwa sababu Kiingereza kina maneno kadhaa ambapo sisi tuna moja, na kila alilochagua lilimlazimisha kusema jambo ambalo insha yake ilikuwa inakataa kulisema mapema. Akiandika neno la Kiingereza lenye maana ya dola, amekwisha kuamua kuwa suala ni mamlaka ya kimataifa. Akiandika lenye maana ya ardhi na watu wake, ameifanya ibara ya 1 iwe sentensi ya jiografia. Akabadilishana haya na yale kurasa kwa kurasa. Matokeo yalipotoka hakuwamo hata katika kumi bora, na fomu ya tathmini aliyorudishiwa ilikuwa na sentensi moja ya mwamuzi, ambayo kwa Kiswahili ni kusema: mwandishi anachanganya dola na nchi. Alinionyesha fomu hiyo akicheka, ile ya kucheka ili asilie.

Simlaumu mwamuzi huyo. Alisoma kilichokuwa mbele yake, na kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimechanganyikiwa kweli. Ninachosema ni kwamba mkanganyiko ule haukuwa wa mwanafunzi, na wala haukuwa wa katiba. Uliingizwa na mstari mmoja mfupi katika tangazo.

Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Tukichukua tafsiri ya Kiingereza ya Katiba ya Muungano ambayo wanafunzi wetu wote huitumia, tutakuta kwamba "nchi" ya ibara ya 1 imegeuzwa kuwa "State", kwa herufi kubwa, na kwamba mbele ya Jamhuri ya Muungano limeongezwa neno "sovereign", yaani yenye mamlaka kamili, ambalo katika matini ya Kiswahili halimo. Tukiendelea hadi ibara ya 21, inayohusu haki ya raia kushiriki katika utawala wa nchi, neno lile lile limekuwa "country". Tukifika ibara ya 26, inayohusu hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, limekuwa "land". Tukirudi ibara ya 33, Rais ni Mkuu wa Nchi, na hapo ni "State" tena. Mtafsiri hakukosea, kila mahali alichagua neno linaloketi vizuri katika Kiingereza. Lakini mwanafunzi anayeanza na tafsiri hiyo hataona kamwe kuwa waandishi wa Katiba walitumia neno moja kwa mambo manne, wala hataweza kuuliza kwa nini walifanya hivyo ilhali neno "dola" walikuwa nalo. Swali limejibiwa na mtafsiri kabla mwanafunzi hajanoa penseli.

Na si "nchi" peke yake. Chukueni "haki". Kwetu ni neno moja kwa kile ambacho raia anacho na kwa kile ambacho mahakama hutoa. Ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na ile ya 13 inazungumzia haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu. Msomaji wa Kiswahili husikia mwangwi kati ya ibara hizo mbili, na anaweza kujenga juu yake hoja kwamba kwa mujibu wa Katiba yetu mahakama isiyomsikiliza mtu haijatoa haki kwa maana zote mbili za neno. Pengine hoja hiyo ni dhaifu. Ningependa kuisoma ikiandikwa na kisha nimwambie mwandishi kwa nini ni dhaifu. Kwa Kiingereza haiwezi hata kuzaliwa, kwa sababu maneno ni mawili na hayasikiki kuwa ndugu. Vivyo hivyo "utu" wa ibara ya 12, ambao ukivukishwa ng'ambo hufika ukiwa heshima tu.

Najua sababu ya kihistoria ya Kiingereza katika taaluma yetu, na ni sababu ya haki kabisa. Kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima. Wanafunzi walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na sheria walizozisoma ziliandikwa kwa Kiingereza na watu waliofikiri kwa Kiingereza. Kufundisha kwa lugha nyingine kungekuwa kichekesho. Ila miaka kumi na sita baadaye, Aprili 1977, Bunge la Katiba lilipitisha katiba iliyotungwa kwa Kiswahili, na tangu hapo mabadiliko makubwa yameandikwa na kubishaniwa kwa lugha hiyo: haki za binadamu zilipoingizwa mwaka 1984, mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, hadi Rasimu ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba na mabishano ya Bunge Maalum la Katiba kule Dodoma mwaka 2014. Rasimu ya pili ya Tume hiyo ilitaja tunu saba za taifa, na ya saba ilikuwa lugha ya Taifa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku likiacha mlango wa Kiingereza pale maslahi ya haki yanapouhitaji. Muda mfupi kabla ya hapo, tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alikuwa amemsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na akampandisha hadi Mahakama ya Rufani. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu namna ya kuwapandisha majaji, na mimi ninayo. Lakini jaji wa Mahakama Kuu anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwanafunzi hawezi kuandika insha.

Wenzetu wa Kenya wana udhuru ambao sisi hatuna. Katiba yao ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini ibara ya 259 inatamka wazi kuwa matini za lugha tofauti zikigongana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Mwanafunzi wa Nairobi anayeandika kwa Kiingereza anaichambua katiba yake katika lugha iliyo na kauli ya mwisho. Mwanafunzi wa Mzumbe, Dodoma au Mwanza anayefanya hivyo anachambua kivuli.

Niseme sasa juu ya pingamizi, kwa kuwa nimezisikia zote, nyingine nikiwa nazitoa mwenyewe.

La kwanza ni istilahi. Huambiwa kuwa Kiswahili hakitoshi kubeba nadharia ya katiba. Mimi hufundisha kwa Kiingereza, kama kanuni zinavyotaka, na kila wiki huona jambo lile lile: swali likiwa gumu kweli, darasa huhamia Kiswahili, nami huhama nalo, na hatukwami. Batili, kinga, zuio, rufaa, mapitio, hati ya kiapo, mleta maombi: haya ni maneno ya kila siku ya masijala zetu. Nadharia iliyozaliwa katika kesi ya Kesavananda Bharati nchini India mwaka 1973, kwamba Bunge haliwezi kubadilisha nguzo za msingi za katiba hata likipata kura zote zinazotakiwa, nimetoka kuieleza hapa katika nusu sentensi. Na pale tunapokosa neno, tutalikopa. Kiingereza cha sheria kimejaa Kilatini, na sijawahi kuona insha ya Kiingereza ikikatwa alama kwa kuandika majina ya Kilatini ya amri za mahakama.

La pili lina nguvu zaidi, nalo ni vyanzo. Hukumu zetu kuu za katiba ziko kwa Kiingereza. Hiyo ni kweli, na hata Hati za Makubaliano ya Muungano za Aprili 1964 ziliandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo binti yangu wa Pemba alilikiri katika ukurasa wake wa pili bila kulazimishwa. Lakini tutazame mkasa mmoja wa katiba ambao waandaaji hupenda kuuulizia, ule wa mgombea binafsi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kuwa raia anaweza kugombea bila kupitia chama. Kabla ya mwaka huo kwisha Bunge likabadilisha Katiba, na ibara ya 21 ikavikwa kilemba kipya kinachoanza na maneno "Bila ya kuathiri masharti ya ibara ya 39, ya 47 na ya 67". Mchungaji akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema jambo hilo ni la Bunge, si la mahakama. Na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikampa ushindi ambao hakuwahi kuutumia hadi alipofariki Oktoba 2015. Hukumu, ndiyo, ni za Kiingereza. Lakini ibara iliyobishaniwa, kilemba kilichoongezwa, na taarifa rasmi za majadiliano ya wabunge waliokiongeza, vyote ni vya Kiswahili. Mwaka mmoja nilipokuwa mwamuzi nilisoma insha ishirini na mbili juu ya shauri hili. Hakuna hata moja iliyonukuu sentensi ya mbunge yeyote. Wanafunzi hawakujua waiweke wapi sentensi ya Kiswahili katika insha ya Kiingereza, hivyo wakaiacha, na nusu ya ushahidi ikabaki maktaba.

Tena kuna swali ambalo bado halijaulizwa na shindano lolote ninalolijua. Ibara ya 26 inasema kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Mwaka 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu ilirekebishwa kumtaka mleta maombi aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Je, "utaratibu" unaweza kumla "kila mtu"? Neno "hifadhi" linadai nini, mtu aliyejeruhiwa au mlinzi tu? Wapeni wanafunzi swali hilo kwa Kiswahili, pamoja na matini ya Kiswahili, muone watakachoandika.

Pingamizi la tatu huwa halisemwi kwa sauti, nalo ni kwamba insha ya Kiingereza ni kipimo cha ubora. Nimekaa na fomu ya tathmini yenye alama ishirini kati ya mia kwa ajili ya lugha, na najua zinakokwenda. Huenda kwa aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Mwenzake aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba, kisha akahamishwa lugha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, huanza shindano la katiba akiwa nyuma kwa jambo lisilohusu katiba. Siku hizi kuna nyongeza ya kuchekesha: insha za Kiingereza zinazidi kuwa laini na zinazidi kufanana, kwa sababu akili mnemba inaandika Kiingereza safi usiku kucha bila kuchoka, na sisi waamuzi tunaendelea kuugawia usafi huo alama zile zile ishirini.

Kuna pingamizi moja dogo ambalo nalikubali. Kiswahili hubana. "Watakaowawakilisha" ni neno moja. Kiingereza kingetumia manne au zaidi. Kwa ukomo wa maneno 3,000, mwandishi wa Kiswahili atapata nafasi ya ziada ambayo mwenzake hana. Basi wekeni ukomo tofauti, au hesabuni kurasa. Likiwa ndilo tatizo kubwa litakalotukabili, tutakuwa tumefika pazuri.

Ombi langu kwenu waandaaji, kwa hiyo, ni kwamba tangazo lijalo litoke kwa lugha zote mbili, na swali lenyewe litungwe kwanza kwa Kiswahili pamoja na matini ya ibara zinazohusika, kisha litafsiriwe, si kinyume chake. Insha ya Kiswahili isitafsiriwe kwa ajili ya mwamuzi. Atafutwe mwamuzi anayeisoma, na katika nchi hii hatutamkosa, hata akiwa jaji mstaafu. Anayechagua Kiingereza aendelee kwa amani, ila kila ibara anayoitegemea ainukuu katika matini ya Kiswahili kwenye tanbihi, ili aonekane ameisoma. Na tafadhali chapisheni insha zilizoshinda pamoja na sababu za waamuzi. Tunawafundisha vijana kwamba hukumu bila sababu si hukumu, kisha tunawapa namba na cheti.

Kwenu wakuu wa vitivo na shule za sheria, ninaomba kidogo zaidi. Miongozo yetu ya uandishi inaeleza kwa kina jinsi ya kunukuu ripoti za kesi za Uingereza, lakini ile ninayoitumia haina hata mfano mmoja wa jinsi ya kunukuu taarifa rasmi za Bunge au sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiuliza, huambiwa atumie busara. Kurasa mbili za nyongeza zingetosha, na wahadhiri wa Kiswahili waliopo jengo la pili wangetusaidia kuziandika kwa wiki moja, kama tungewahi kuwaomba. Msisubiri lugha ya kufundishia ibadilishwe kwanza. Huo ni mjadala mrefu wenye wenyewe, nami siuchanganyi na huu. Shindano la insha halihitaji kibali cha Baraza la Mitihani wala mabadiliko ya mtaala. Linahitaji mtu mmoja afute mstari mmoja katika tangazo.

Binti niliyemtaja yuko sasa katika mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Kurasa zake kumi na tisa alizoziandika kwa mkono ziko kwenye droo yangu, kwa ridhaa yake, zikiwa na mistari thelathini na moja ya kalamu nyekundu. Nilipomwambia kuwa naandika barua hii na kumuuliza kama angependa zisomwe na jopo lolote litakalokubali, alijibu kwamba wakitaka wazichukue, kwa sharti kwamba zisitafsiriwe kwanza. Zinawasubiri hapa.

Wenu katika taaluma,

Mhadhiri wa sheria ya katiba